"WASHA KWANZA, ANTENA UTAFUNGA BAADAYE"!!! Huyu muuzaji wa transmita za FM (vifaa vya kurushia matangazo ya redio) atatumaliza

Wakuu, mnamjua. Yule yule. Leo kaulizwa kwa heshima kabisa transmita yake ya wati 15 inataka antena gani, akajibu: "Washa kwanza, antena utafunga baadaye."

Washa kwanza! Nguvu ikikosa antena inarudi kwenye transista ya mwisho (ile inayosukuma nguvu kwenda kwenye antena), inaichemsha mpaka inakufa. Hiyo baadaye utaifungia antena maiti!

Na hizo wati 15 anaziuza na adapta ya volti 12, ampea 1. Zidisha: wati 12. Ziingie 12 zitoke 15? Hakijatengenezwa kifaa hicho tangu dunia iumbwe! Kati ya hizo 12 utapata kama nusu hewani, zingine ni joto.

Mwenye hela kidogo achukue wati 1 ya kweli: yenye PLL (saketi ya kushikilia masafa), isihame masafa ikipata moto, na kichujio cha hamoniki (mawimbi ya ziada kwenye masafa mara mbili, mara tatu ya yako). Bila kichujio ukirusha megahezi 98 unasikika na 196, unawavurugia wengine. Halafu mtu anasema WASHA KWANZA!

KoiliTatu: Mleta mada povu jingi, kipimo cha antena hujaweka. Gawanya 7,130 kwa megahezi, jibu ni sentimita za kila mkono wa daipoli (antena ya fimbo mbili). Kwa 100 ni kama 71.

MzeeWaSoda: Na kibali je? Nchi nyingi hata wati 1 hairuhusiwi bila kibali cha masafa.

Waya_Mwekundu: Adapta zenyewe nyepesi za swichi (zinazokata umeme haraka haraka), redio nzima inavuma. Weka ya transfoma.

Mnara Mfupi: Mnamwonea huyo, wezi ni wauza kebo! RG58, ile kebo nyembamba ya antena, mita 20 inakula karibu nusu ya nguvu kabla haijafika juu. Pandisheni antena, fupisheni waya.

KoiliTatu: Tumia RG6, kebo ya antena ya tivii, inapoteza kidogo.

Mnara Mfupi: Hiyo ni omu 75, transmita ni omu 50!

KoiliTatu: SWR (kipimo cha nguvu inayorudi) 1.5 tu, transmita isiyo mbovu inavumilia.

Mnara Mfupi: Isiyo mbovu, siyo hizi za muuzaji huyo.

Mleta mada: Jamani, KASEMA AWASHE BILA ANTENA!

Waya_Mwekundu: Tumesikia mkuu. KoiliTatu, RG6 unaifungaje kwenye soketi ya BNC (ile ya kuzungusha na kufunga) ya transmita?