Vampire Diaries: kwanini kila mtu ananiambia vumilia mpaka epi ya 7?

mgeni_wa_usiku: Wakuu habari za jioni. Nimeanza ile sirizi ya Vampire Diaries juzijuzi baada ya madogo wa hosteli kunisumbua sana, nipo epi ya 4 na mpaka sasa naona vampaya Stefan anamkodolea macho Elena, demu wanayesoma naye, Elena anaandika daftari lake, ukungu unashuka, kunguru analia, basi. Sawa kocha kauawa ile ya 3 ila bado naona ni mapenzi ya shule yenye meno. Nikitaka kuacha naambiwa fika ya 7 kwanza. Kuna nini huko? Spoila ruksa, mie sina noma.

chausiku88: Ya 6 na ya 7 zitazame kwa mpigo maana ni kisa kimoja wamekigawa. Ya 6 Stefan anamfungukia Elena kila kitu, 1864, Katherine yule vampaya aliyependwa naye na kaka yake, yote, na huku kaka mtu Damon hana pete yake inayomkinga na jua, hawezi kutoka mchana, amejifungia ndani na Vicki wanacheza muziki, mara akamgeuza vampaya, yaani kaboreka tu!! Ya 7 ni Halloween, Vicki hajui kujizuia, anamng'ata Elena, Stefan anamchoma kijiti, na Jeremy mdogo wake Elena yupo palepale anaona. Kafa. Dada yake Matt yule eksi wa Elena, demu wa Jeremy, tupo naye tangu epi ya kwanza, na aliyemuua ni steringi mpole wala sio Damon. Mie hapo ndo nikajua hawa hawatanii.

baba_swaumu: Kifo mnakisifia bure, utamu uko dakika za mwisho. Jeremy analia hana hali, Elena anataka dogo afutiwe yale aliyoona kwa ile nguvu ya vampaya ya kuchezea akili, Stefan hana uhakika kama ataweza sababu anakunywa damu ya wanyama tu, basi kazi anapewa Damon, yuleyule aliyeleta balaa. Cheki hapo, Elena anamchukia Damon halafu anamhitaji, na hiyo ndo sirizi nzima. Tena Elena akishaonja haachi, sizoni ya 3 dogo anachezewa akili tena aende zake Denver, sizoni ya 6 Elena mwenyewe anaomba afutwe mapenzi yake kwa Damon. Dawa ileile aliyompa mdogo wake.

mzee_wa_sabutaito: Napinga kidogo. Vicki kufa kulitutisha kweli, ila walishindwa kukaza. Logan yule mtangazaji wa habari kauawa ya 6, epi chache mbele huyo anagonga mlango ni vampaya. Jeremy kafa karudi mara ngapi? Alaric yule ticha wa historia? Ukifika sizoni ya 4 mtu akifa unaendelea kula chipsi zako.

chausiku88: @mzee_wa_sabutaito kwa Jeremy nakubali, kwa Vicki hapana. Epi ya mwisho kabisa, Machi 2017, anayegonga ile kengele ya kuchoma mji ni Vicki huyohuyo, na Stefan aliyemuua anakufa humo humo. Epi 171 na bado deni la ile ya 7 linadaiwa, sasa hapo hawakukaza?

mzee_wa_sabutaito: Haya hiyo nimekupa, sikuwahi kuiunganisha hivyo. Ila Alaric hunitoi.

mgeni_wa_usiku: Ahsanteni wakuu, naunga ya 5 usiku huu nifike ya 7 kesho. Ila Vicki ndo pekee nilikuwa namwelewa humo, mmeniweza.