Asilimia 10 ya nani, saa nane usiku? Mliotujengea mfumo wa risiti za samaki, njooni mjibu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi. Nipo Tanga. Mimi ndiye niliyewashawishi wachuuzi wa soko la samaki Deep Sea waache daftari waingie kwenye mfumo. Kampuni iliyoujenga ipo Dar, silitaji jina, wenyewe wanajijua na humu wamo.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu inaita. Mama mmoja ninayemheshimu kama mzazi: "Mwanangu, hiki kidude chako kimekufa? Nimepima kibua matenga sita, mnunuzi wa Muheza yuko juu ya pikipiki, risiti haitoki." Nikamwambia azime simu awashe. (Najilaumu kwa jibu lile hadi leo.) Nafika na bodaboda kutoka Chumbageni, barafu inachuruzika chini ya matenga na wa Muheza keshaondoka, kanunua kwa jirani anayeandika kwenye karatasi. Hadi saa tatu mama alikuwa ameshusha bei mara mbili.

Tatizo lenyewe? Toleo jipya la fankisheni ya risiti (kile kipande cha programu kinachotoa risiti) lilitaka namba ya mnunuzi ianze na 255. Wachuuzi wetu wanaandika 07 na 06, kama nchi nzima. Kosa dogo, hata mimi ningelifanya, sigombani nalo. Nagombana na namna lilivyoshushwa kwa soko zima kwa mpigo, halafu naambiwa "tuliliachia kidogo kidogo".

Kidogo kidogo ipi? Nimepewa logi, yaani kumbukumbu za mfumo, nimekesha nazo siku mbili. Mfumo upo AWS, kompyuta za kukodi za Amazon, kwenye huduma yao ya kuendesha fankisheni iitwayo Lambda. Tangu 2017 aliasi moja ya Lambda (jina ambalo maombi hupitia kufika kwenye toleo) inaweza kuelekeza kwenye matoleo mawili kwa uzito, asilimia 90 la zamani na 10 jipya, na CodeDeploy, zana ya AWS ya kuachia matoleo, ikausogeza uzito huo yenyewe. Jamaa walichagua Canary10Percent5Minutes: asilimia 10 kwa dakika tano, kukiwa shwari zinahamia zote. Wakaibonyeza saa nane usiku. Saa nane usiku! Wavuvi wapo baharini, wachuuzi wamelala, Deep Sea kumebaki paka. Ndani ya dakika hizo tano yaliingia maombi manne, yote ya mashine inayokagua kama mfumo uko hai. Na mgawanyo ule ni bahati nasibu kwa kila ombi, si foleni kwamba wa kumi lazima apelekwe upande wa pili. Kwa maombi manne, uwezekano wa yote kuangukia toleo la zamani unazidi asilimia 65, na ndivyo yalivyoangukia. Toleo jipya halikuguswa na kiumbe yeyote, likahesabiwa limefaulu. Umeonja mchuzi na nazi haijakunwa.

Alamu ipo, tena ya CloudWatch, huduma ya AWS ya kufuatilia mifumo, inahesabu makosa ya fankisheni. Lakini msimbo wao unalidaka kosa, unajibu 200, namba ya kusema "mambo sawa", na ndani yake ujumbe "imeshindikana". Machoni pa Lambda hapo hakuna kosa, kazi imekwisha salama. Soko limesimama, grafu imelala kwenye sifuri kama maji ya Raskazone siku isiyo na upepo. Kwa hiyo hata wangehamisha mchana kweupe, alamu ile isingelia.

Na kulirudisha la zamani! Toleo la Lambda likishachapishwa halibadiliki, lilikuwa palepale, ni kuielekeza tu aliasi, amri moja. Ikachukua hadi saa tatu kasorobo kwa kuwa mwenye funguo alikuwa kalala na simu kazima. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Toleo lao lilikuja usiku likagoma kuondoka.

Nimewaambia: hamisheni saa nne asubuhi, mnada umepungua lakini watu bado wanauza, na mtu awe macho mbele ya skrini. Ile asilimia 10 ipeni nusu saa, au zaidi. Alamu ihesabu risiti zilizokataliwa, zikizidi kiwango, uzito wa toleo jipya urudi sifuri wenyewe. Na CodeDeploy ina nafasi ya kuita fankisheni ya majaribio kabla mtu yeyote hajahamishwa. Ilipe toleo jipya namba ya 07 na uzito wa kilo kumi na mbili na nusu. Likikataa, safari imeishia hapo. Jibu lao: hiyo ni "nyongeza ya gharama". Na kibua wa yule mama yupo kwenye gharama za nani?

Mama karudi kwenye daftari, kalamu kaifunga kwa uzi isipotee. Kaniambia siku nikileta tena "hiyo mpya yako" nianze na mteja wake mmoja, wengine wangoje. Hajawahi kusikia habari za CodeDeploy.

Jumanne nina kikao nao. Swali langu kwa mliowahi: sehemu yenye maombi machache kama kwetu, alamu ya risiti zilizokataliwa mnaiweka kiwango gani, isije ikalia kila mtu anapokosea tarakimu moja ya namba?