Programu kukukatalia kisa OS (mfumo endeshi) yako: ni haki au uvivu? Karibuni mbishane

Wakuu, mi naanza. Programu kuangalia uko Windows au Linux siyo kosa, kosa ni kuifanya hiyo iwe mlinzi wa getini. Juzi nimefungua mfumo fulani wa kujisajili mafunzo nikiwa na Ubuntu, yaani Linux, ukaniandikia mfumo endeshi wako hautumiki, nikaiambia brauza ijitambulishe kama ya Windows na kila kitu kikaenda mpaka kupakia vyeti. Sasa nilikuwa nakataliwa kwa lipi?

Halafu majibu yenyewe ambayo programu inapata ikiuliza OS yana uongo mwingi. Windows 11 kwa namba za ndani bado inajiita 10.0, unaijua kwa bildi (namba ya toleo la ndani) kuanzia 22000. Brauza ya Safari kwenye iPad tangu iPadOS 13 ya 2019 inajitambulisha Macintosh. Na kuna wale wa lugha ya Python wanaoandika if "win" in sys.platform, wakitaka kujua kama ni Windows, yaani mtu hajui kwamba Mac inajibu darwin na humo ndani ya darwin "win" imo, basi mwenye Mac anaanza kutafutiwa C:\ (diski ya Windows) ambayo hana 😂

— Mkuu unaongea kama mtu wa web. Sisi wa programu za kwenye mashine tusipouliza setingi tutaziweka wapi? Windows ni AppData, Mac ni Library/Application Support, Linux ni .config. Na os.fork, ile amri ya Python ya kuzalisha nakala ya programu inayoendelea, Windows haipo kabisa.

— Za folda sawa, hapo uliza. Ila fork usiulize OS, andika hasattr(os, "fork") ujibiwe ipo au haipo, basi. Python kwenye Android ilikuwa inajibu linux miaka yote, kuja 3.13 ikaanza kujibu android, waliokuwa wanapima kwa jina wakajikuta Android yao haimo tena kwenye linux, aliyepima kitu chenyewe hata habari hana.

— Nyie wote hamjawahi kupokea simu za wateja. Ofisi tuko wawili, tunajaribu kwenye Windows tu, nikiruhusu Linux nani atahudumia?

— Si uweke onyo tu, hatujajaribu huku, ukitaka endelea. Mlango unafunga wa nini?

— Onyo nani analisoma ndugu yangu? Anabonyeza endelea, ikigoma saa nne usiku namba anayopiga ni yangu, siyo yako.