Kijito cha Karanga, Kilimanjaro: je, ndicho kinachotokea Pangani?

Mkwezi wa Mkokotoni
Assalaam aleikum. Mwaka jana nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na usiku mmoja tulilala Karanga, karibu mita 4,000 juu ya bahari. Bondeni kuna kijito ambacho mtu hukiruka kwa hatua moja. Alfajiri kilikuwa na utando mwembamba wa barafu, nao wapagazi waliuvunja kwa kikombe ili wajaze madumu, kwa kuwa kutoka hapo hadi kambi ya Barafu hakuna maji. Sisi wa kisiwani tumezoea mito mifupi, ambayo baadhi yake ikifika maweni hudidimia kabla ya kuiona bahari. Je, ni kweli kwamba maji yale hutokea Pangani, ng'ambo yetu?

Maalim wa Chake
Wa aleikum salaam. Ni kweli, ingawa njiani hubadili jina mara kadhaa. Karanga hupita kando ya mji wa Moshi na, kwa kupitia mito ya Weruweru na Kikafu, huingia Kikuletwa, mto unaokusanya pia maji ya Mlima Meru. Kikuletwa humwagikia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambamo huingia pia Ruvu (si ule wa Bagamoyo) utokao upande wa Ziwa Jipe, na kuanzia bwawa hilo mto huitwa Pangani. Hupita magharibi mwa milima ya Upare, hupokea Mkomazi na Luengera, huporomoka Hale, ndipo huifikia bahari.

Mzanzibari wa Moshi
Maalim amesema kweli, lakini isidhaniwe kwamba mto huu hulishwa na barafu. Barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, na kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Tena sehemu kubwa yake hugeuka mvuke papo hapo katika hewa kavu, bila kuwa maji. Mlishaji ni msitu. Kwenye mteremko wa kusini, kimo cha mita 2,200 hivi, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yanayozama katika mawe ya volkano huibuka chini kabisa kama chemchemi. Wakati wa kiangazi mengi hayafiki mbali, kwani Wachaga huyachepusha kwa mifongo, yaani mifereji ya kale inayofuata ubavu wa mlima hadi kwenye migomba, na huko chini miwa ya Arusha Chini nayo inayasubiri.

Mkwezi wa Mkokotoni
Ahsanteni sana. Basi huenda maji niliyoyaruka yaliishia kwenye mgomba wa Kibosho! Mfongo huwa ni mali ya nani?

Mzanzibari wa Moshi
Kwa desturi, ni mali ya ukoo uliouchimba. Wengine hupata maji kwa zamu, alimradi washiriki kuusafisha.