Bendera na uzalendo: vinatuunganisha au vinatugawa? Naomba hoja za mdahalo

Mwalimu wa Uyole

Salaam kwenu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya, na muhula huu ninasimamia mdahalo wa kidato cha tatu. Mada iliyopitishwa inasema kwamba bendera ya taifa na uzalendo huwaunganisha watu zaidi ya kuwagawa. Upande wa kuunga mkono umejaa, kwa kuwa wanafunzi hawa wamekua wakiimba wimbo wa taifa mstarini, na wanajua vizuri kwamba kijani ni ardhi na uoto wake, manjano ni madini, nyeusi ni wananchi na buluu ni maji. Upande wa kupinga ndio sina watu. Kila ninayemwomba asimame upande huo huniuliza kwanza kama hatapata matatizo, na swali hilo limenifikirisha kuliko mada yenyewe.

Mifano ya nje ninayo. Rwanda iliiacha bendera yake ya zamani mwaka 2001, kwa sababu wengi waliiona kuwa ni kumbukumbu ya utawala uliosimamia mauaji ya kimbari ya 1994. Belfast iliingia katika maandamano na vurugu kuanzia Desemba 2012, baada ya baraza la jiji kuamua kwamba bendera ya Uingereza ipandishwe katika siku maalumu tu badala ya kila siku. Kinyume chake ipo Afrika Kusini, ambayo Aprili 1994 ilipandisha bendera mpya iliyokusudiwa kuwa ya muda, na wananchi wakaipenda hadi ikabaki. Tatizo ni kwamba wanafunzi huisikiliza mifano hiyo kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mambo yanayowahusu wengine. Naomba mifano ya huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini, ambayo mtoto wa Mbeya au Iringa hawezi kuikwepa.

Wakala wa Mpakani, Tunduma

Mwalimu, mlete mwanafunzi wako hapa Tunduma asimame karibu na geti kwa saa moja, atapata hoja za pande zote mbili. Mpaka huu una asili yake katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, na uliwakuta Wanyamwanga wakiishi pamoja. Leo wengine ni Watanzania na wengine ni Wazambia, lakini misiba na harusi havijawahi kusubiri pasi ya kusafiria, na sokoni shilingi na kwacha hupokelewa kwenye meza moja. Hata wimbo wa taifa wa Zambia na wetu unafuata lahani ileile aliyoitunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, kiasi kwamba kwenye shughuli za pamoja ala zikianza kupigwa si rahisi kujua ni wimbo wa nani mpaka watu wafungue vinywa.

Katika kazi yangu ya kutoa mizigo forodhani nimeona kwamba uzalendo wa hapa hupanda na kushuka kwa kufuata urefu wa foleni ya malori. Foleni ikiwa fupi, dereva wa kutoka Lusaka ni shemeji. Ikirefuka hadi madereva wakalala ndani ya magari usiku baada ya usiku, utaanza kusikia "Wazambia hawa" na "Watanzania hawa", na bendera ambazo wiki nzima zilikuwa zikipepea bila kuangaliwa na mtu zinapata maana ghafla. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kilikusudiwa kuondoa ukaguzi wa mara mbili, na kwa maoni yangu kimeufaa ujirani wetu kuliko hotuba nyingi za ujirani mwema nilizowahi kuzisikia.

Ndugu zetu wa Kyela wana mfano mkali zaidi. Mto Songwe hubadili mkondo wakati wa mafuriko, na mtu aliyelala shamba lake likiwa Tanzania anaweza kuamka akalikuta ng'ambo ya Malawi. Hiyo ni sababu mojawapo ya nchi hizi mbili kuanzisha mpango wa pamoja wa bonde la mto huo. Mwaka 2012 ulipozuka tena mvutano wa Ziwa Nyasa, Malawi ikisema mpaka uko ufukweni kwetu na Tanzania ikisema uko katikati ya maji, maneno makali yalitoka mijini, kwa watu wasiovua samaki katika ziwa hilo. Wanyakyusa na Wangonde, ambao wanasikilizana lugha bila mkalimani, hawakuwa na ugomvi wowote wao kwa wao. Kwa hiyo anayepinga asiishambulie bendera. Aulize ni shida gani inayowafanya watu waikimbilie, na ni nani anayewaonesha njia.

Mstaafu wa Mafinga

Mwalimu, marahaba. Nawe kijana wa Tunduma nimekusoma, lakini siwezi kukubali kwamba bendera ni kitu cha kukimbiliwa wakati wa shida tu. Tulipoingia Jeshi la Kujenga Taifa tulikuwa vijana wa makabila ambayo mengine hatukuwahi hata kuyasikia. Tulinyolewa pamoja, tukalala hanga moja, tukakimbia mchakamchaka kabla ya jua kutoka, na baada ya miezi michache mtu alimjua mwenzake kwa kombania yake kabla ya kabila lake. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera Oktoba 1978, watu wa Iringa na Mbeya ambao wengi wao hawakuwahi kufika Bukoba walitoa vijana wao na chakula chao, na hakuna aliyeuliza Wahaya walitufanyia nini sisi. Mimi nilikuwapo. Huo ndio umoja ninaouzungumzia, na sioni namna ungepatikana bila taifa kuwa na alama moja ambayo wote tunasimama mbele yake.

Tena uzalendo wetu haukuishia mpakani. Mgagao, ambayo leo iko Wilaya ya Kilolo, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe katika miaka ya sabini. Tuliokuwa tukilelewa katika nchi hii wakati ule tuliambiwa kwamba uhuru wetu haujakamilika iwapo jirani bado anatawaliwa, na Mwenge uliowekwa juu ya Kilimanjaro mwaka 1961 ulikusudiwa kumulika hata nje ya mipaka. Vijana wa leo wanaodhani kuipenda nchi ni lazima uanze kwa kumdharau mgeni hawakujifunza hayo kwetu.

Na huyo mwanafunzi anayeogopa kupinga, mwambie aje aseme. Hatukwenda vitani ili watoto waogope mdahalo.

Msangu wa Rujewa

Shikamoo, Mzee wa Mafinga. Hayo ya Kagera siyapingi. Ninachotaka kumpa Mwalimu ni mfano ambao kwetu Mbarali unauma kidogo, na ambao vitabu vya shule huupita haraka.

Tunafundishwa kwamba Mkwawa ni shujaa wa taifa, na mimi sina ugomvi na hilo. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wake waliwashinda Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Ngome ya Kalenga ilipotekwa mwaka 1894 aliendelea kupigana porini, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Lakini kabla ya Mjerumani kufika, dola ya Wahehe ndiyo iliyowatoa mababu zetu Usangu, wakaenda kuishi ugenini upande wa Usafwa, karibu na ilipo Mbeya leo. Mtemi wetu Merere aliposhirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, alikuwa anatafuta njia ya kuwarudisha watu wake nyumbani. Sasa mtoto wa Rujewa anasoma kwamba wakati wa uvamizi kulikuwa na mashujaa waliopinga na vibaraka walioshirikiana, anahesabu vidole, anamkuta babu yake kwenye kundi la pili. Nimemwona mwanafunzi akinyamaza kipindi kizima kwa sababu hiyo.

Ukitaka kujua jinsi mgawanyo huo ulivyo dhaifu, sogea miaka michache mbele. Vita vya Majimaji vilipowaka mwaka 1905 na Wangoni wakaingia, Wahehe wengi hawakujiunga, na wapo waliokuwa upande wa serikali ya Wajerumani. Ukifungua kitabu kwenye mwaka 1891 shujaa ni Mhehe, ukikifungua kwenye mwaka 1905 shujaa ni Mngoni, na Msangu haonekani popote. Watu wote hao hawakuwa na nchi moja ya kuisaliti. Jina la Tanganyika lenyewe lilitolewa na Waingereza mwaka 1920. Tunachofanya ni kuchukua uaminifu wa leo na kumdai nao mtu aliyekufa kabla nchi haijazaliwa, kisha tunashangaa wajukuu wake wakinuna.

Hata hivyo nikiulizwa kama bendera inanigawa mimi na Mhehe, nitasema hapana, kwa kuwa haina Merere wala Mkwawa juu yake, na sote wawili tunaisimamia kwa usawa. Kinachogawa ni mtu kujipa kazi ya kupima uzalendo wa mwenzake. Mwananchi akisimama katika mkutano wa kijiji akauliza mapato na matumizi ya mchango wa darasa, kisha akajibiwa kwamba yeye si mzalendo, basi uzalendo umetumika kumnyamazisha mtu aliyekuwa akiilinda mali ya umma. Mfano huo hauhitaji kwenda Belfast.

Dada wa Kalenga

Kamwene, kaka yangu Msangu. Umesema kweli, na kama Mhehe nimekusoma bila kukasirika, ingawa najua wajomba zangu ambao wangekujibu vingine.

Niongeze upande mmoja ambao umeuacha. Fuvu la Mkwawa lilitajwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudishwa Juni 1954 na Gavana Twining, na aliyelipokea ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963, chifu huyohuyo alikwisha kuwa Spika wa Bunge la nchi nzima, na alikalia kiti hicho kwa miaka mingi. Heshima ya Uhehe haikuhitaji kufa ili Tanganyika iishi. Ndivyo ninavyoitazama pia Zanzibar, ambayo tangu mwaka 2005 ina bendera yake yenye ile ya Muungano kwenye kona ya juu. Wapo walioona kwamba hiyo ni hatua ya kuvunja Muungano, na mpaka leo zote mbili zinapepea.

Kuhusu kupimana uzalendo, Iringa tuna mfano mzito kuliko mkutano wa kijiji. Wakati wa ujamaa, mkulima mwenye shamba kubwa Isimani aliweza kuitwa bepari na mnyonyaji, yaani mtu aliye nje ya ujenzi wa taifa, na siku ya Krismasi ya mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa kwa hukumu ya mahakama. Familia mbili zilipoteza baba zao. Sisemi uzalendo ndio uliovuta kifyatulio, lakini sidhani mambo yangefika pale kama watu wasingekwisha kupangwa kuwa wajenzi na maadui. Mwalimu, mfano huu usiupeleke darasani bila kuwaandaa wanafunzi, maana unaweza kuwa na mtoto wa ukoo wowote kati ya hizo mbili kwenye dawati la mbele.

Mwalimu wa Uyole

Nawashukuru sana. Ya Merere na Mkwawa nitayatumia kama yalivyo, na ya mto Songwe pia, kwa kuwa nina wanafunzi wawili wanaotoka Kasumulu. Limebaki jambo moja. Wanafunzi wameuliza kama wanaruhusiwa kuzungumzia bendera za vyama, kwa hoja kwamba kwenye vijiwe vya bodaboda wanaziona hizo mara nyingi zaidi ya bendera ya taifa.

Mstaafu wa Mafinga

Ziache. Mada ni taifa. Ukifungua mlango huo utakuwa na kampeni darasani, na mkuu wa shule atakuita wewe, hatawaita wao.

Dada wa Kalenga

Baba, kwa heshima yote, mimi ningeziruhusu, kwa sharti kwamba asitajwe mgombea wala chama kwa jina. Mtoto amezaliwa ndani ya vyama vingi vilivyorudi mwaka 1992, na kumzuia asiseme anachokiona kila siku ni kumwonesha kwamba ile hofu yake ya mwanzo ilikuwa na msingi. Kuhusu hofu hiyo, Mwalimu, usiwaombe wajitolee kupinga. Andika pande mbili kwenye vikaratasi, kila mmoja achukue chake mbele ya darasa zima, na mdahalo ukifika katikati wabadilishane pande. Hapo hakuna atakayeulizwa ametumwa na nani.