Marburg ya Biharamulo: wizara ya afya iliharakisha kukanusha, au WHO ndiyo ilikurupuka?

Mnyampara: Wakuu, tarehe 14 Januari 2025 WHO (Shirika la Afya Duniani) ilitoa taarifa: Kagera kuna wahisiwa 9 wa Marburg, homa ya kirusi inayoua na kuambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti; 8 wameshafariki. Haikuchukua siku mbili wizara ikajibu kwamba sampuli zote hazina kirusi. Tarehe 20 Rais, akiwa Dodoma na Tedros, mkuu wa WHO, akatangaza Biharamulo yupo aliyethibitika. Hapo katikati nani aliambiwa asioshe maiti? Si wangesema tu "bado tunapima"?

Dr_Nusu: PCR, kipimo cha maabara cha kusaka vinasaba vya kirusi, ukiiwahi, dalili hazijafikisha siku tatu, inaweza kusoma hasi. Unarudia. Wizara ilisoma karatasi iliyokuwa mezani. Ila nyie Wahaya hata mkishikwa na mafua mnataka mtangazwe BBC.

Mwana_Biharamulo: Wahaya wametokea wapi? Wenyeji wa Biharamulo ni Wasubi. Mtu hajui hata wilaya ya nani, anatufundisha PCR.

Dr_Nusu: Mkoa si Kagera? Au mmeshahamia ule wa Chato uliopendekezwa?

Mwana_Biharamulo: Chato yenyewe ilimegwa kwetu. Tukiamua tunaidai na fidia juu.

Sengerema_Boy: 😂😂 Mkoa haujazaliwa, ugomvi wa mirathi umeanza.

Bi_Mkubwa_Kashai: Wanangu, 2023 ilikuwa kwetu Bukoba Vijijini. Katikati ya Machi tukatangaziwa "ugonjwa usiojulikana", jina likaja tarehe 21. Waliotangamana na wagonjwa wakafuatiliwa siku 21 kila mmoja. Walikufa sita, Juni ikatangazwa imekwisha. Kumbe kutangaza kabla ya majibu wanakujua.

Dr_Nusu: Shikamoo mama. Ila huyu wa fidia hajanijibu.

Kaboko: Na utalii je? Ukitaja Marburg tu, wazungu wanafuta safari.

Mnyampara: Rwanda walitangaza Septemba 2024, wakatoa takwimu mfululizo. Sokwe wao bado wana wageni. Sisi tulificha tukapata nini?

Kaboko: Nani kasema tulificha? Leta ushahidi, acha uchochezi.

Mnyampara: Sawa, futa "tulificha", weka "tulikanusha". Sasa jibu swali.

Sengerema_Boy: Wizara iko Dodoma, kawaulize. Hivi kwenye ule mkoa wa Chato, Ngara nao walikuwamo?

Mwana_Biharamulo: Walikuwamo. Na Kakonko.

Kaboko: Kakonko ni Kigoma wewe!