Mafunzo kwa vitendo ya ualimu wa elimu ya michezo: huu ni usimamizi wa aina gani?

Wadau wa elimu, salaam. Ninaandika nikiwa nimekasirika, na sikutaka kusubiri hasira ipoe, kwa sababu kila mwaka hasira za wanachuo hupoa, wakahitimu, wakanyamaza, na wanaowafuata wakakumbana na yale yale.

Ninasomea ualimu wa elimu ya michezo. Kila karatasi tuliyopewa kabla ya kwenda shuleni ilisema tutafundisha chini ya usimamizi: mwalimu mlezi awepo, atazame na kutukosoa, kisha mkufunzi aje kutoka chuoni kututathmini. Nilichokikuta ni mwalimu mlezi aliyenikabidhi filimbi na ufunguo wa stoo asubuhi ya kwanza, akaniambia "wanakusubiri uwanjani", na tangu siku hiyo kipindi changu kikawa ndio wakati wake wa kusahihisha madaftari.

Mwanachuo wa hisabati akiachwa peke yake, hasara ni watoto kutoelewa sehemu. Kwetu hasara inaweza kuwa shingo. Mtoto anayejifunza kubingirika mbele akitanguliza utosi kwenye mkeka, badala ya kukunja kidevu kifuani ili atue kwa mabega, uzito wa mwili wote unashukia shingoni. Kumsaidia ipasavyo, mkono mmoja nyuma ya kichwa na mwingine nyuma ya paja, ni ufundi unaopatikana kwa kuonyeshwa na aliyekwisha kuufanya, naye akiwa amepiga magoti kando yako, si kwa kusoma kitini cha chuo usiku.

Katikati ya mbio za kupokezana vijiti, mwanafunzi mmoja alianza kuhema huku kifua kikitoa mlio. Wenzake ndio walioniambia kwamba ana pumu na kwamba dawa yake ya kuvuta imo kwenye mkoba darasani. Tukaifuata, akapata nafuu. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la mwalimu mlezi, daftari ambalo sikuwahi kuonyeshwa, na bado swali la kwanza nililoulizwa ofisini lilikuwa kwa nini niliwakimbiza watoto kiasi kile.

Mkufunzi naye alipofika, alifika na fomu inayotumika kwa masomo yote. Humo mna alama za matumizi ya ubao na alama za mpangilio wa madawati, kana kwamba niliyabeba hadi uwanjani. Ukaguzi wa vifaa kabla ya somo haumo. Wala hakuna mahali pa kuandika kama mwalimu alisimama panapomwezesha kuwaona watoto wote. Alisimama kivulini, akanakili andalio langu la somo, akaondoka kabla hatujaanza kupoza mwili. Maoni aliyoniachia yalikuwa maneno matatu: "Boresha matumizi ya zana." Zana zenyewe ni mipira iliyoishiwa upepo, na stoo hiyo hakuifungua.

Tusidanganyane kwamba somo letu halina cha kupimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Daryl Siedentop, mtaalamu wa elimu ya michezo, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walitengeneza njia ya kupima muda ambao mwanafunzi anautumia kweli kufanya zoezi linalolingana na uwezo wake. Msimamizi anamchagua mtoto, anamfuatilia kwa saa, na kila baada ya sekunde chache anaandika kama anafanya zoezi, anasikiliza maelekezo au amepanga foleni akisubiri zamu. Ningepewa karatasi moja ya namna hiyo, ningejua foleni zangu ni ndefu kiasi gani, na ningegawa vikundi upya kesho yake. Badala yake nimepewa daraja, tena la kuridhisha, ambalo halinifundishi lolote.

Mkataba wa UNESCO wa 1978 kuhusu elimu ya viungo na michezo, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2015, unataka kazi hii ifanywe na watu wenye sifa. Sifa hizo tutazipata kwa nani, ikiwa kipindi pekee tulichotengewa kukosolewa hakina mkosoaji?

Najua watakuja wa "vumilia, sote tulipitia huko". Kupitia kwenu huko hakujamwondolea mtoto yeyote hatari. Ninalodai halihitaji fedha nyingi: fomu ya somo letu wenyewe, orodha ya watoto wenye maradhi ikabidhiwe kabla ya kipindi cha kwanza, na mkufunzi azungumze nami kabla ya somo, akae mpaka mwisho wake, kisha tuketi tujadili alichokiona.

Aliyewahi kupata msimamizi aliyekuwa naye uwanjani tangu kupasha mwili hadi kuupoza, aeleze chuo chake kiliwezaje. Maelezo hayo nitayaambatisha kwenye barua ninayoiandikia ofisi inayoratibu mafunzo kwa vitendo.